Moyo wa Mkindu

Kitu cha kwanza nilichokiona siku Redegunda aliporudi Lungoni ni matundu mawili madogo kwenye kifundo cha mkono wake wa kushoto. Yalikuwa mapya, yamezungukwa na wekundu, yamekaa sambamba. Waliokuja kumpokea kituoni waliziona nywele zake na viatu vyake, na ile droni ndogo iliyokuwa ikielea juu ya bega lake na kumpiga picha. Mimi niliona matundu. Miiba ya mkindu hukaa miwili miwili pale jani linapoanzia, na ukiingiza mkono bila kuangalia hukuchoma hivyo hivyo. Kitu kingine kinachochoma namna ile sikijui.

Na mikindu ilikuwa imekwisha miaka kumi na tisa iliyopita, bonde lilipokaushwa kupisha viwanda vya betri na paneli za jua.

Rede alipita katikati ya watu akanijia moja kwa moja. "Mdogo wangu Auleria," akasema. "Umekonda. Na shikamoo yangu iko wapi?"

Nikampa shikamoo yake. Watu wakacheka, maana wote walijua kwamba mimi ndiye niliyetangulia kuzaliwa, kwa miezi minne. Lakini mama yake ni dada mkubwa wa mama yangu, kwa hiyo yeye ni dada na mimi ni mdogo wake, na itakuwa hivyo mpaka tutakapozikwa. Tulilelewa na Bibi Skolastika, tukilala mkeka mmoja. Bibi alipopooza mguu ilibidi mmoja wetu aache shule amhudumie. Rede alikuwa anaongoza darasa. Mimi nilikuwa darasa la tano na siongozi kitu. Hakuna aliyeuliza abaki nani.

Nilitaka kumuuliza kuhusu mkono wake lakini haikuwezekana. Sisi wasuka mikeka wa Lungoni hatuulizani ukindu unatoka wapi. Zamani kila mwanamke alikuwa na kichaka chake mtoni, anakwenda peke yake, na akirudi na mzigo kichwani unausifia mzigo, njia huulizi. Kuuliza njia kulikuwa sawa na kuingia chumbani kwa mtu bila hodi. Vichaka vimekwisha na wasukaji tumebaki wachache, tunasuka mikanda ya plastiki, lakini adabu hiyo haijatutoka.

Nami nilikuwa na sababu yangu ya kutogusia jambo hilo. Juu ya paa la nyumba ya wafanyakazi ninakoishi, nyuma ya tangi la maji, kuna ndoo ya rangi ya lita ishirini, na ndani yake kuna mkindu. Bibi alinipa chipukizi lake mwezi aliofariki, limeota kwenye mbegu aliyoificha tangu bonde likaushwe. Alifumba kiganja changu ndani ya mikono yake miwili akasema, "Hili ni lako. Usimwambie mwenzako." Kwa miaka kumi na moja niliamini kwamba Rede alipewa shule na mimi nikapewa mkindu, na kwamba kati yetu wawili mimi ndiye niliyependwa zaidi. Kila nilipoliona jina lake kwenye kiwambo cha mtaani, msanii Rede yuko huku, msanii Rede amepata tuzo kule, nilipanda paani, nikaketi karibu na ndoo, na roho yangu ikatulia.

Siku ile nilipanda lakini roho haikutulia.

*

Alikuwa amerudi kufanya kazi kubwa kuliko zote alizowahi kufanya, na alinitaka mimi niisuke.

Karakana yake ilikuwa ghala la zamani la mpunga. Ndani kulikuwa na matangi sita ya kioo yaliyounganishwa kwa mabomba, na fundi aliyeyatunza, Fulgensi, mwanaume mpole aliyekuwa na karanga mfukoni saa zote. Yeye ndiye aliyenieleza ile mashine, waliyoiita mzidishaji. Unaipa moyo wa mmea, ile sehemu nyeupe laini ndani ya kilele, mahali majani yanapozaliwa. Chembe za moyo ule zinazidi ndani ya matangi, na upande wa pili unatoka ukindu, mita kwa mita, ukiwa bado hai na wa kijani, unakunywa maji kama jani lililo mtini. Mzizi hautoki, wala mbegu. Watu wa utafiti walishajaribu kuotesha mti kutoka kwenye nyuzi hizo, ukatoka uzi mwingine tu.

"Inajua kutengeneza jani," Fulgensi alisema. "Mti haiujui."

Nikamuuliza mti wenyewe unakuwaje baada ya hapo. Akatafuna karanga kwanza. Akasema mti wa jamii ile una moyo mmoja kwa kila shina, na ukitolewa shina linakufa. Zamani ungechipua pembeni ukawa kichaka, lakini tangu chumvi ya viwandani iingie majini mikindu iliacha kuchipua. Hilo nililijua. Wangu ulikuwa shina moja kwa miaka kumi na moja.

Rede akanichorea kazi yenyewe sakafuni kwa chaki. Mkeka mmoja, urefu wa ghorofa kumi na mbili, utaning'inia ndani ya Mnara wa Ukuaji, ukipanda kwa kupinda kama mstari ulioko kwenye Ubao. Ubao kila mtu wa Lungoni anauona, hata aliye kitandani hospitali. Unaonyesha uchumi umekua kwa kiasi gani, na ukipanda, mabomba ya mitaani yanafunguliwa saa moja zaidi. Ndiyo maana asubuhi tunasalimiana, "Imepanda?" na mtu anajibu, "Imepanda, tunashukuru." Sasa mkeka wa Rede ungeunganishwa na Ubao ule. Namba ikipanda, pampu inapunguza maji ya mkeka, na safu moja ya chini inakauka, inakatika na kuanguka mbele ya watu. Baada ya miaka miwili hivi pangebaki kamba tupu.

"Watakuja na ndoo zao kusubiri maji," akasema, "na wataona yanalipwa na nini."

Nilisimama nikiutazama mchoro ule. Ningefurahi kama ungekuwa wa kijinga. Ulikuwa mzuri mno. Mimi nilikuwa nimeishi chini ya Ubao huo maisha yangu yote, nimekinga maji yake, na wazo kama lile halikuwahi kunijia hata ndotoni.

Halafu akavuta pazia la pembeni. Nyuma yake palikuwa na chungu, na ndani ya chungu mkindu unaonizidi kimo.

"Bibi alinipa," akasema. "Mwezi aliofariki, nilipokuja likizo. Akaniambia nisimwambie mtu. Hata wewe. Nimetembea nao nchi nne, Auleria, nimeuficha forodhani kama dawa za kulevya. Mara ngapi nimetaka kukuambia."

Nilisikia masikio yananiunguza. Niliwaza ile mikono miwili ya Bibi iliyofumba kiganja changu, na nikaona kwamba siku ile, pengine saa ile ile, ilikuwa imetoka kufumba kiganja kingine. Maneno yale yale. Rede alipewa shule, na mkindu pia akapewa.

Kilele cha mti wake kilikuwa kimepasua ala ya maua, na vumbi la manjano lilikuwa limetapakaa kwenye majani ya chini. Nililigusa kwa kidole. Bibi alinifundisha nikiwa mdogo sana kwamba mikindu ina dume na jike, kila mmoja kwa mti wake, na dume ndilo lenye vumbi. Wangu nao ulikuwa umetoa maua mwezi ule, kwa mara ya kwanza. Ulikuwa na punje za kijani, ngumu, za duara, bila vumbi lolote.

"Ni dume," Rede akasema. "Nimetafuta jike miaka mitatu, kwenye bustani zote za utafiti ninazozijua. Halipo. Nikiuacha utaishi peke yake, siku moja utakufa kwenye chungu na hakuna atakayejua kama uliwahi kuwepo. Nikiukata, watu wote watajua, lakini nitakuwa nimeukata mimi. Nimeshindwa kuamua, ndiyo maana nimekuja kwako." Akashusha sauti, ingawa ghalani tulikuwa watatu tu. "Mdogo wangu, nakuuliza swali ambalo hatuulizani. Kuna mwingine unaoujua?"

Droni haikuwepo, Fulgensi alikuwa anafuta kioo, na alasiri yote ilikuwa mbele yetu. Lilikuwa jambo jepesi kabisa. Neno moja.

"Bibi alisema hatuulizani," nikasema.

Fulgensi akacheka, akidhani ninamtania. Rede hakucheka. Aliinamisha kichwa kama mtoto aliyekaripiwa.

"Ni kweli," akasema. "Nisamehe. Nimekosa adabu."

Akaamua kwamba mti utakatwa Alhamisi. Siku ile ilikuwa Jumapili.

*

Jumatatu nilipanda paani nikauhesabia mti wangu majani, kwa kuwa sikujua la kufanya. Nilijiambia nitasema kesho. Kisha nikawaza jinsi mambo yatakavyokwenda nikishasema. Rede atapiga kelele ya furaha, atanikumbatia, ataita watu wa utafiti. Vumbi la mti wake litapakwa kwenye maua ya mti wangu. Mbegu zitapatikana, na mikindu itarudi duniani, na itakuwa mikindu ya Rede. Kwenye viwambo vya mitaani pataandikwa msanii aliyerudisha mkindu. Mimi nitakuwa ndugu yake aliyekuwa na ndoo.

Jumanne wakaja waandishi wa habari. Aliwasimulia habari za Bibi vizuri, pasipo uongo wowote: jinsi alivyokuwa anachana ukindu kwa ukucha wa kidole gumba, na alivyokuwa anatutuma maji akitaka kulia peke yake. Nilikuwa nimeyasahau hayo ya kulia. Lilinikera sana kwamba yeye aliyekuwa shuleni aliyakumbuka, na mimi niliyekuwa nyumbani sikuyakumbuka. Kisha akawaambia, "Huyu mdogo wangu ndiye atakayesuka. Mikono kama yake hamtaipata popote." Wakapiga picha mikono yangu. Walipomaliza wakaondoka, na uso wangu hakuna aliyeupiga.

Jumatano mchana alikuja nyumbani kwangu bila taarifa, amebeba perege watatu wa bwawani na mchele. Alipika mwenyewe, amejifunga kanga yangu, akanitania kwamba sufuria zangu ni zile zile za Bibi na kwamba ninawangoja wajukuu niwarithishe. Tulikula. Kwa muda mfupi nilimpenda kama nilivyompenda tukiwa na miaka sita. Halafu akaosha mikono, akasema anataka kupanda paani auone Ubao kutoka huko, apime pembe ya mstari.

"Ngazi imeoza," nikasema.

"Mimi mwepesi."

"Imeoza, dada. Ilimwangusha mtu juzi."

Alinitazama kidogo. "Siku hizi unanifanya mgeni," akasema, kwa upole, akarudisha kanga yangu kwenye msumari wake. Ngazi ilikuwa ya chuma, hatua tatu nyuma ya mgongo wake, mlango umerudishwa tu bila kufungwa.

Alhamisi niliamka nimeazimia kusema. Nilitembea mpaka ghalani nikirudia maneno mdomoni: ninao, ni jike, uko kwangu. Nilipofika, Rede alikuwa tayari ameshika kisu na mkono ulikuwa unamtetemeka. Alikuwa amelia. Akaninyooshea kisu.

"Wewe Bibi alikufundisha," akasema. "Mimi nitaukosea."

Hapo ndipo nilipopaswa kusema. Nimerudi kwenye dakika ile mara nyingi kuliko dakika yoyote ya maisha yangu, na kila nikirudi naikuta ndefu, ina nafasi ya kutosha. Badala yake nilipokea kisu. Nilipenda kwamba alinihitaji. Nilipenda kwamba mkono wake ulitetemeka na wangu haukutetemeka hata kidogo. Nilifungua majani ya nje moja moja, nikakwepa miiba, nikafika kwenye weupe, nikaingiza ncha na kuzungusha kama Bibi alivyonionyesha. Moyo ulitoka mzima. Ulikuwa mdogo kuliko yai la kuku na ulinukia kama maziwa mabichi.

Fulgensi aliubeba kwa koleo akaushusha tangini. Kisha akarudi na kitambaa chenye maji, na kwa kuwa ni mtu anayependa usafi, akafuta lile vumbi la manjano kwenye majani, kwenye chungu, na sakafuni, mpaka likaisha.

*

Nilisuka miezi mitatu. Ukindu wa mashine ulikuwa mzuri, laini, wa upana mmoja, na ulikuwa unanywa maji mkononi mwangu. Nilikuwa na wanawake kumi na wawili chini yangu, wengi wao watu wazima, na tulisuka kili, zile tepe ndefu za ukindu uliosukwa, na kuziunganisha hadi vidole vikaota sugu. Paani kwangu punje za kijani zilisinyaa moja baada ya nyingine zikadondoka kwenye ndoo. Mti wenyewe haukuumwa. Uliendelea tu kutoa majani.

Siku ya kufungua, mnara ulijaa. Wakubwa walikaa mbele na watu wa mitaani walisimama nyuma na ndoo zao, kwa sababu wasimamizi wa Ubao walikuwa wametangaza kwamba namba itatoka saa nane. Saa nane ikatoka. Imepanda. Mtu mmoja alianza kupiga makofi, halafu pampu ikanyamaza na yeye akanyamaza. Tulisubiri. Safu ya chini ilianza kubadilika rangi kutoka ukingoni, kijani kikawa majivu, kisha ikakatika na kushuka taratibu, ukili mzima, na kuanguka sakafuni bila sauti kubwa.

Hakuna aliyesogea. Huko nje tulisikia maji yameanza kutoka kwenye mabomba, na bado hakuna aliyesogea. Mama mmoja miongoni mwa wasukaji wangu aliuinua ule ukili uliokauka, akaunusa, akakaa chini nao. Baba mwenye suti aliyekuwa karibu naye alivua miwani akajifuta macho, na sidhani kama alijua kwa nini.

Ilikuwa kazi kubwa, na ilifanya kile Rede alichosema itafanya. Lazima niseme hivyo. Nilisimama pale nikitamani iwe yangu, na nusu yake ilikuwa yangu, na haikunisaidia kitu.

Nilimkuta nyuma ya mkeka, mahali mabomba yanapoingilia, ameketi juu ya sanduku la zana, viatu amevivua. Nje walikuwa wanamwita. Aliniambia nikae, nikakaa. Alisema kila mtu anamsifia ujasiri, na yeye kila akifumba macho anaona chungu. Chungu kile bado kiko ghalani na shina limesimama ndani yake, Fulgensi hathubutu kulitupa.

"Ningepata jike moja," akasema. "Popote. Ningevunja yote haya kwa nyundo, Auleria, na nisingejuta. Mnara mzima."

Nilimwamini. Tangu Jumapili ile nilikuwa nimejiambia kwamba angejichukulia sifa, na labda angejichukulia. Lakini kwanza angevunja. Angekuja paani na miguu mitupu kama alivyokuwa sasa.

Nikamwambia. Nilisema kwa sauti ndogo, nikiangalia mabomba: kwamba ninao mkindu, kwenye ndoo, nyuma ya tangi, kwamba ni jike, kwamba Bibi alinipa mimi pia. Kwamba ulikuwa na maua wiki ile tulipoukata wake.

Nilisikia watu wanacheka mbali, na glasi zinagongana. Aliposema, hakuwa na hasira, na hilo lilikuwa baya zaidi. Alikuwa ananitafutia njia ya kutokea, kama dada mkubwa anavyomtafutia mdogo wake mbele ya wazazi.

"Bibi alikukataza," akasema. "Ulishika neno la Bibi. Uliogopa kumkosea. Si ndivyo?"

Ningeitikia tu, yangekwisha hapo. Angelia, angenisamehe, na tungekuwa wajukuu wawili waliokosewa na marehemu. Nilimtazama usoni, jambo ambalo huwa silifanyi kwa mtu yeyote.

"Hapana, dada," nikasema. "Nilitaka wako ufe, ili wangu ubaki peke yake."